Dakika Kumi za Mama Lugano

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Naanza na hilo ili usije ukapoteza muda kumtafuta mwingine. Tulikuwa watu watatu katika mkasa huu, na wawili walikuwa na akili zao timamu.

Nilifika Kilima cha Nkwenge saa mbili asubuhi, begi la vifaa mgongoni, pumzi imenikatika. Mama Lugano alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wake, anamenya viazi, ananitazama nikihangaika na mita mia za mwisho. Hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwaka jana ulikuwa unapanda huku unaimba."

"Mwaka jana kilima kilikuwa kifupi."

"Kilima ni kile kile, Fundi Asajile. Kitambi ndicho kipya."

Nikacheka, nikajibwaga kwenye nyasi karibu yake. Akanisogezea kiazi kilichochemshwa, cha moto, na chumvi kwenye kifuniko cha chupa. Nilipokuwa napuliza akasema, "Jana kulikuwa na mpira." Hakuwa anauliza.

"Fainali. Umejuaje, na redio huna?"

Akashusha kanga kidogo begani. Chini ya mtulinga wa kushoto, pale kifundo kilipo, ngozi ilikuwa imevimba na kuiva kama imeumwa na siafu. "Kuanzia saa kumi jioni nilitetemeka mpaka kikombe kikanitoka mkononi. Nikajua, haya, Lwifa nzima inatazama mpira kupitia mimi. Walipofunga goli nilitapika."

"Walifunga matatu."

"Usiniambie. Nilihesabu."

Nikala kiazi.

Kwa wewe uliyezaliwa mjini, ambako hakuna anayehisi chochote, ngoja nikueleze. Kila mtu ana kifundo. Ni kidogo kama punje ya dengu, unapandikizwa ukiwa mchanga wa miezi mitatu, nacho kinaishi kwa joto la mwili wako. Ujumbe wa jirani unaingia kwako bila wewe kujua, unautupa kwa aliye mbele yako, naye anautupa kwa wa mbele yake, hivyo hivyo mpaka ufike. Huo ndio mtandao tuliobakiwa nao tangu Miaka ya Kutu, setilaiti zilipoanguka na minara ikaoza bila mtu wa kuitengeneza. Mjini watu wamejaa, mzigo unagawanyika, raha mstarehe. Shida ni huku milimani, watu walikokwisha.

Nkwenge kipo katikati ya mabonde mawili. Magharibi ni Igumbo, ambako njia inaendelea hadi mijini. Mashariki ni Lwifa, watu elfu tisa na kituo cha afya chenye muuguzi mmoja. Zamani hapa juu palikuwa na kaya arobaini. Chemchemi ikakauka, wakateremka mmoja mmoja, akabaki mjane mmoja na viazi vyake. Kifundo chake kikawekewa mpangilio wa daraja, kitupe mbali kuliko vya watu wengine, na nyumba yake ikazungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, hatua mia mbili kila upande. Mama Lugano akivuka mawe, Lwifa inazimika. Kuna amri ya Shirika linalosimamia mtandao kuhusu jambo hilo, ndefu, ina mihuri.

Aliyeweka mpangilio ule ni mimi. Mawe pia niliyapaka mimi, na nilikuwa napiga mluzi.

"Umeleta nini safari hii?" akauliza, akilitazama begi.

"Kituo cha Lwifa kimepata mikono," nikasema. "Ile mashine ya upasuaji. Daktari anakaa mjini, anasogeza vidole vyake, na mikono inafanya vile vile mezani kwa Muuguzi Kissa. Ila inataka njia pana. Nimetumwa nikuongezee uwezo kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mara mbili."

Kisu kikasimama kwenye kiazi. Kisha kikaendelea.

"Lugano amejifungua wa tatu," akasema. "Yuko Mtwara huko. Wa kwanza sasa ana miaka tisa. Sijamshika hata mmoja, Fundi. Nawasikia tu wakipita humu," akajigusa begani, "na humu sijui yupi ni wangu na yupi ni wa watu. Nilikuwa nakusubiri. Nataka uniondolee hili daraja, niteremke."

*

Mimi nina dawa moja ya mambo mazito, nayo ni mdomo. Nikaanza kumsimulia kazi yangu.

Nilimpa kisa cha ofisi moja ya zamani, enzi za waya, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Kila siku saa nne kamili mtandao wa jengo zima ulikuwa unakatika, saa nne na robo unarudi. Walibadilisha ruta, walibadilisha swichi, wakaleta mtaalamu mwenye tai. Mimi nikachukua kigoda, nikakaa kwenye chumba cha mitambo nikisubiri saa nne. Ilipofika akaingia mama wa usafi, akachomoa waya wa swichi ukutani, akachomeka birika, akachemsha chai, akaimimina, akarudisha waya. Akanikaribisha kikombe. Nilikunywa.

Mama Lugano akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Ulimshitaki?"

"Nilimletea waya wa kuongezea. Chai ilikuwa nzuri."

Nikamweleza jinsi tulivyokuwa tunapanga nyaya nane ndogo kwa rangi zake, nami nikiziimba rangi zile usingizini hadi mke wangu akadhani nina mwanamke anaitwa Machungwa. Nikamweleza juu ya dari ya shule niliyoitambaa kwa tumbo nikiwa na panya mbele yangu, sote wawili tukielekea upande mmoja, na nilipochomeka kebo ya mwisho taa ndogo ya kijani ikaanza kupepesa. Nililia mle darini. Mtu mzima, vumbi puani, ninalia kwa sababu ya taa. Hakuna aliyenifundisha kuipenda ile taa.

"Na siku ya hapa, unaikumbuka?" nikauliza.

"Nitaisahauje?"

Miaka kumi na mmoja nyuma. Tulikuwa mafundi sita, leo tumebaki wawili. Tulihangaika siku nne juu ya kilima hiki bila Igumbo kuisikia Lwifa. Mama huyu alikuwa anapita na beseni la viazi, anatuuzia. Nikamwambia, mama, hebu simama hapo kidogo. Akasimama. Na mabonde mawili yakaongea. Sauti ya kwanza kuvuka ilikuwa ya mzee mmoja wa Igumbo akimwita nduguye wa Lwifa, ambaye hakuwa amemwona tangu Kutu ianze, na kabla dakika haijaisha walikuwa wameshagombana juu ya jembe. Tulirukaruka kama watoto. Nilimkumbatia Mama Lugano, beseni likamwagika. Katika maisha yangu yote ya kazi, ile ndiyo siku ninayoitoa mfukoni nikiwa na huzuni.

"Ulifurahi sana siku ile," akasema Mama Lugano.

"Sana."

"Mimi nilidhani nitasimama mpaka viazi viishe." Akaokota maganda, akayatia kwenye ndoo. "Unaipenda kweli kazi hii, Fundi. Nakuona macho. Basi itumie kunisaidia. Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Kila Alhamisi, kuanzia saa nne mpaka saa tisa, mwili wangu unapoa. Nimeuchunguza mwaka mzima. Alhamisi ni nini?"

Nikamtazama kama nilivyomtazama yule mama wa birika.

Alhamisi ni gulio la Ibaga. Watu wa Lwifa wanavuka kwa njia ya chini, nyuma ya mgongo wa kilima, na mahindi na kuku, na watu wa Igumbo wanawapokea na chumvi na sabuni. Mstari wa watu, kila mmoja na kifundo chake, kutoka bonde hadi bonde. Nimeusomea mtandao huu maisha yangu yote, na aliyeigundua njia ya pili ni mama anayemenya viazi.

*

Kwanza nilimwita Muuguzi Kissa. Sauti yake ilikuja safi kwenye kishikwambi.

"Dada Kissa, una mtu mezani?"

"Meza iko tupu. Niko na uji wangu hapa. Kuna nini?"

"Najaribu njia mpya. Ikikatika usiogope, ni dakika chache."

"Wewe ukisema usiogope ndipo naogopa," akasema, akacheka.

Ilikuwa saa nne na dakika tano. Sasa nikueleze desturi moja ya mafundi, maana mambo yote yamesimama hapo. Ukibadilisha mpangilio wa kifaa kilicho mbali na ukakosea, unaweza kujifungia nje: hukifikii tena, na hakuna wa kukubonyezea. Mimi iliwahi kunipata. Niliendesha gari siku nzima kwenda kubonyeza kitufe kimoja. Tangu hapo, kabla ya kugusa chochote, naweka Rejea. Unakiambia kifaa hivi: nisipothibitisha ndani ya dakika kumi, rudi kama ulivyokuwa. Ukiona mambo yameenda vizuri, unabonyeza Thibitisha, na saa inasimama. Nimewafundisha vijana wengi jambo hilo. Nilikuwa nawaambia asiyeweka Rejea si fundi.

Nikaweka Rejea, dakika kumi. Nikauondoa mpangilio wa daraja kwenye kifundo cha Mama Lugano.

Akashika bega. Akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani. "Yesu wangu," akasema taratibu. "Kumbe ndivyo mnavyoishi."

"Tembea, mama. Tuone."

Akafunga kanga vizuri, akashuka. Alipofika kwenye mawe ya chokaa akasita, akanigeukia, akanyanyua mguu juu kupita kiasi, kama anayevuka mto. Kisha akapotea kwenye kona, nikamsikia anaimba.

Nikainamia kishikwambi.

Sijui nikuelezeje. Njia ya gulio ilikuwa na nukta mia moja sitini, kila nukta mtu, na mzigo wa Lwifa ulikuwa unashuka nyuma ya kilima, unapapasa, unakosea, unarudi, halafu unashika. Nukta ya kwanza, ya pili, ya kumi. Mwenye kuku akampa mwenye chumvi, mwenye chumvi akampa mwenye baiskeli. Ikapita! Hakuna aliyeipangia. Niliangalia mstari ule ukiwaka kutoka bonde hadi bonde, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaumia, mzigo umegawanyika kama maji kwenye mfereji. Nikaongea na kishikwambi kama na ng'ombe, eeh, twende mama, twende.

Halafu mzigo ukaongezeka. Ukawa mnene kuliko niliowahi kuuona ukivuka hapa, na mstari haukuyumba. Nikapiga makofi. Nikasimama nikacheza peke yangu juu ya Nkwenge, na kitambi changu. Nilisema kwa sauti, "Mnaona? Mnaona?" sijui nikimwambia nani, labda wale wanne walioacha kazi.

Kisanduku kidogo cha Thibitisha kilikuwa kwenye pembe ya kioo muda wote ule. Kilikuwa kinahesabu.

Saa nne na robo kishikwambi kikawa chekundu chote.

*

Kifundo kilitii. Kilirudi kuwa daraja, kikayaita mabonde yote mawili, na mtandao ukaacha njia ya gulio ukakimbilia kwake, maana ndivyo nilivyoupanga mwenyewe: daraja likiwepo, mzigo mzito wote upite darajani. Lakini daraja lilikuwa chini ya kona, nyuma ya mwamba, haliioni Lwifa. Kifundo kikiwa hakionwi kinapiga kelele zaidi. Kinavuta joto lote kinaloweza kulipata.

Nilimkuta amelala kwenye majani ya kando ya njia, macho yamegeuka, kanga begani inatoa moshi.

Hapo nilikuwa na njia mbili. Nikae pale pale, nikipooze kifundo, nikiondoe tena kwenye daraja, mzigo urudi gulioni: dakika ishirini, huenda zaidi, kifundo kilikuwa hakinisikilizi. Au nimrudishe ndani ya mawe, na Lwifa iwake mara moja. Sikuwa najua kama huko kuna mtu mezani. Najua tu kwamba mkono ulikwenda kwenye kile ulichokizoea. Nilimshika makwapani mama wa miaka sitini na minne, anaungua, nikamburuta kupanda kilima. Viatu vyake vilibaki njiani. Nilipoyapita mawe nikasikia kishikwambi kikilia mlio wa furaha, ule wa kuungana, mlio nilioupenda tangu ujana.

Kissa hakunisalimia.

"Umerudi," akasema.

"Dada Kissa, meza..."

"Dakika mbili baada ya wewe kuniuliza, walimleta kwenye machela. Sekela wa kule mtoni, uchungu wa siku mbili. Nikaita mjini, daktari akaingia kwenye mikono. Njia ilikuwa nzuri, Fundi. Haijawahi kuwa nzuri vile. Daktari mwenyewe aliniuliza, Lwifa leo mmefanya nini?" Nyuma yake kulikuwa na kitoto kinalia. "Halafu mikono ikasimama. Ikagandia ndani yake. Dakika kumi na moja. Mtoto nilimtoa kwa mikono yangu hii. Yeye sikuweza."

Ule mzigo mnene niliouchezea ulikuwa yeye.

*

Saa nane mchana Mama Lugano alikuwa amekaa kitandani, bega limefungwa kitambaa chenye maji, anakunja nguo mbili na kuzitia kwenye mfuko wa salfeti. Nilikuwa nimemwambia yote. Sikumficha hata makofi. Kifundo kilipopoa nilikuwa nimekiondoa tena kwenye daraja, safari hii bila Rejea.

Dirishani ulionekana mkia wa gulio: watu wa Lwifa wanarudi, wachache wachache, mstari umeshaanza kukatika. Kwenye kishikwambi nukta zilikuwa tisini. Baadaye sabini na moja.

"Mama, sasa huwezi kwenda," nikasema.

Akaendelea kukunja.

"Kissa ana wajawazito wengine wanne mwezi huu. Wanne, mama. Mikono ile bila njia ni vyuma tu. Sikuongezei uwezo, naapa. Nitawazuia wasitazame mpira. Nitaliandikia Shirika walete mtu mwingine."

"Umeliandikia mara ngapi?"

"Mara sita."

"Wakajibu?"

"Walijibu ya pili."

Akachana uzi kwenye upindo wa kanga kwa meno, akaufunga nao mdomo wa mfuko. Nikaona naelekea kushindwa, na mtu anayeelekea kushindwa anasema lisilosemwa.

"Leo umetoka dakika kumi tu," nikasema, "na mama wa watu amekufa kwa sababu ulivuka yale mawe."

Akainua uso. Nilitegemea hasira. Ulikuwa uso mkavu tu, wa mtu aliyechoka kuelezea jambo dogo.

"Nilipokuwa chini naimba, daktari alikuwa anafanya kazi?"

"Ndiyo."

"Mikono ilikuwa inakwenda?"

"Ilikuwa inakwenda."

"Basi Sekela hakufa kwa sababu mimi niliondoka. Amekufa kwa sababu wewe ulinirudisha kuwa daraja."

Njiani chini mtu alipita na baiskeli inayolia mnyororo. Nukta zikawa arobaini na mbili. Mama Lugano akateremka kitandani, akashika ukuta, akatafuta viatu ambavyo havikuwepo, akaamua kwenda pekupeku.

"Leo ni Alhamisi," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Kesho hakuna gulio. Kesho hakuna mtu hata mmoja kwenye njia ile, mama. Nani atasimama hapa?"

Akajitwika mfuko kichwani, akaupima kama umekaa sawa, akanipita mlangoni.

"Asimame anayeipenda kazi hii. Mimi nateremka."